Sura ya Tano: Mita Isiyomuuliza Mtu

Mita ya kawaida ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, iliyofungwa ukutani Mbagala Kuu, Yombo Vituka au Keko wilayani Temeke, haina laini ya simu wala intaneti. Haina namna ya kuwasiliana na ofisi ya shirika la umeme, TANESCO. Hata hivyo, mtu akinunua umeme kwa simu saa saba za usiku, akaletewa ujumbe wenye tarakimu 20 na kuzibonyeza moja baada ya nyingine, mita itaamua mambo manne papo hapo: kwamba tarakimu hizo zimetoka kwa muuzaji halali, kwamba ni zake yenyewe na si za mita ya jirani, kwamba hazijawahi kuingizwa, na kwamba ni uniti ngapi za kuongezwa. Inaamua peke yake.

Sura hii inahusu usalama wa programu, na naianzia kwenye mita kwa sababu mita inafanya vizuri jambo ambalo mifumo mingi inayoandikwa mjini hapa inalifanya vibaya: imepunguza vitu vinavyoweza kubadilika ndani yake mpaka vimebaki vichache sana. Anayedhani usalama ni nywila ndefu na programu ya kupambana na virusi anaanzia mbali na tatizo. Wizi wa kwenye mifumo hutokea pale mambo yanapobadilika: salio lililopungua bila aliyeona, rekodi iliyofutwa, malipo yaliyosomwa mara mbili. Kila mahali panapoweza kubadilishwa ni mahali pa kulindwa, na mfumo wenye maeneo elfu ya namna hiyo hauna anayeweza kuulinda.

Tuifungue tokeni. Tarakimu 20 ni njia ya kuandika biti 66, yaani sifuri na moja 66 zilizopangwa mfululizo. Biti 2 zinaeleza tokeni ni ya kundi gani. Zile 64 zilizobaki zimefumbwa kwa ufunguo wa siri, na mita ikizifumbua inakuta mafungu matano: biti 4 za aina ya huduma, 4 za kubahatisha, 24 za muda ambao tokeni ilitolewa, 16 za kiasi cha umeme, na 16 za ukaguzi, ambazo ndizo zinazoifanya mita ikatae ukikosea tarakimu moja. Utaratibu huu unaitwa STS. Ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa ni kiwango cha kimataifa.

Kazi ya mita ni hesabu: chukua ufunguo wangu, chukua tarakimu hizi, toa jibu. Ufunguo uleule na tarakimu zilezile hutoa jibu lilelile leo, kesho na mwakani. Hesabu ya namna hii, inayotegemea kile tu ilichopewa na isiyogusa kitu chochote nje yake, waandishi wa programu huiita fanksheni safi. Wapo wanaojenga mifumo mizima kwa kuunganisha fanksheni safi, moja ikipokea jibu la nyingine, na kuziweka kando zile sehemu chache zinazolazimika kubadilisha kitu. Huo ndio uandishi wa programu kwa fanksheni.

Kinachonivutia zaidi kwenye STS ni kwamba muuzaji hahitaji kutunza orodha ya funguo za mita zote nchini. Ufunguo wa kila mita hukokotolewa kutoka kwenye ufunguo mkuu, namba ya mita na taarifa nyingine chache. Ukiuhitaji unaukokotoa, ukimaliza unautupa, na orodha ambayo haikuandikwa popote haina wa kuiiba. Kinachobaki kulindwa ni ule ufunguo mkuu, na huo unakaa ndani ya kifaa maalumu kilichoundwa kisiutoe nje hata kwa mwenye kifaa.

Lakini hesabu safi peke yake ingeleta tatizo. Kama jibu ni lilelile kila siku, tokeni ya jana ingeongeza umeme leo, na kesho tena, bila kikomo. Kwa hiyo mita inatunza kumbukumbu moja: muda wa tokeni ilizopokea karibuni. Tokeni ambayo muda wake umo kwenye kumbukumbu inakataliwa kwa kuwa imeshatumika. Ambayo muda wake ni wa nyuma kuliko wote uliomo inakataliwa kwa kuwa imepitwa. Ukiacha uniti zenyewe, hiyo ndiyo sehemu inayobadilika kila unapoingiza umeme.

Mwaka 2024 wakazi wa Temeke, pamoja na watumiaji wa mita za STS kwingineko duniani, waliuona utaratibu huu kwa karibu, ingawa wengi waliuona kama usumbufu. Muda ulioandikwa ndani ya tokeni ulihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ingeziona tokeni mpya kuwa zimepitwa na kuzikataa zote. Ndiyo maana ya yale maboresho ya mita yaliyotangazwa: mteja aliyenunua umeme aliletewa mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja, mawili ya kuibadilisha mita na la tatu la umeme wenyewe. Tarakimu 60 kwenye vitufe vilivyofifia namba, na nyumba yenye wapangaji sita ikisubiri.

Kwa nini mita haikuambiwa tu ifute kumbukumbu yake na kuanza upya? Kwa sababu mita iliyofutiwa kumbukumbu ingezikubali tena tokeni zote za zamani, na kila aliyehifadhi risiti zake za LUKU angekuwa na akiba ya umeme wa bure. Hivyo ufunguo ulibadilishwa na kumbukumbu ikafutwa kwa pamoja. Tokeni zilizofumbwa kwa ufunguo wa zamani hazifumbuliki kwa ufunguo mpya, zikabaki karatasi. Ufunguo mpya hauenei kwenye tarakimu 20, ndiyo maana ukaletwa nusu kwa nusu. Usumbufu ulikuwa wa kweli, na maelezo waliyopewa watu mtaani yalikuwa machache mno. Hata hivyo waliopanga kazi ile walijua hasa nini kinabadilika ndani ya mita na nini hakibadiliki, wakaweza kugusa kifaa kilichofungwa ukutani kwa miaka mingi kwa kutumia tarakimu pekee. Ni mifumo michache inayoweza kufanyiwa hivyo.

STS ina udhaifu wake. Afrika Kusini iliwahi kuibiwa mashine za kuuzia umeme, na mashine hizo zikaendelea kutoa tokeni ambazo mita ilizikubali, maana kihesabu zilikuwa halali kabisa. Fanksheni haimjui anayeizungusha. Hilo nitalirudia mbele.

Sasa chukua kikoba cha Tandika chenye wanachama 30, ambacho kimechoka na madaftari kikampa kijana wa mtaani kazi ya kukiandikia programu. Kijana anaunda jedwali lenye safu mbili, jina na salio. Mwanachama akiweka hisa za 20,000, programu inasoma salio lake, inaongeza 20,000, kisha inaandika jumla mpya juu ya ile ya zamani. Ni njia ya kwanza inayomjia kila anayejifunza, na vitabu vingi vya mwanzo hufundisha hivyo.

Jumamosi ya mkutano, katibu na mweka hazina wote wana simu mkononi. Salio la mama mmoja ni 100,000. Katibu anamwingizia 20,000 za hisa, na wakati uleule mweka hazina anamwingizia 10,000 alizotuma kwa simu jana. Simu zote mbili zimesoma 100,000. Ya katibu inaandika 120,000. Ya mweka hazina, nukta chache baadaye, inaandika 110,000 juu yake. Elfu 20 za mama zimepotea, na hakuna aliyeiba. Katika mfumo huohuo, mtandao ukisumbua katikati ya kutuma, programu inajaribu tena, na kiasi kimoja kinaingia mara mbili. Na mtu mwenye nywila ya hifadhidata anaweza kubadilisha 100,000 kuwa 400,000 bila kuacha hata alama, kwa sababu jedwali linajua salio la sasa tu, halijui limefikaje hapo.

Wakala wa fedha kwa simu aliyeko sokoni Tandika ana jibu juu ya kaunta yake. Daftari lake lina mistari: tarehe, namba, kiasi, kuweka au kutoa, saini ya mteja. Hafuti mstari. Akikosea anaukata kwa kalamu moja na kuandika mwingine chini, ili wote wawili wasomeke. Jioni akitaka kujua anasimamaje na floti yake, anajumlisha. Mfumo wa kikoba ungeandikwa hivyohivyo kusingekuwa na safu ya salio kabisa. Kungekuwa na orodha ya miamala inayoongezwa chini tu, na salio lingekuwa fanksheni: nipe orodha, nikupe jumla. Katibu na mweka hazina wangeongeza mistari miwili, yote ingebaki, na mama angesomewa 130,000. Aliyetaka kuchakachua angelazimika kuongeza mstari wenye muda na jina, mbele ya macho ya watu.

Miamala inayojirudia kwa sababu ya mtandao nayo ina dawa. Simu ya katibu inaupa muamala namba ya pekee kabla haijatuma chochote. Seva ikipokea muamala wenye namba iliyokwishaandikwa, inajibu kwamba umepokelewa na haiongezi mstari. Programu inaweza kujaribu mara tano kwenye mtandao mbovu na matokeo yakawa ya mara moja. Ni ile kazi inayofanywa na muda ulio ndani ya tokeni ya LUKU. Malipo ya serikali tangu mfumo wa GePG uanze mwaka 2017 yanafuata wazo linalofanana na hilo, kwani kila ankara hupewa kontroo namba yake, na malipo yote ya ankara hiyo yanafuatwa kwa namba hiyo hata yafanywe kwa benki gani au simu gani. Wanaoandika mifumo ya ada za shule Mbagala na Chamazi hawana sababu ya kutofanya vivyo hivyo.

Anayedhani haya ni mambo ya vikoba tu akumbuke Juni 2016. Kwenye mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum kulikuwa na mfuko ulioitwa The DAO, ukiendeshwa na programu tupu bila meneja. Ulitolewa takriban ether milioni 3.6, thamani ya makumi ya mamilioni ya dola kwa bei za wakati ule. Hakuna nywila iliyovunjwa. Programu ya mfuko ilikuwa inamlipa mtu kwanza, kisha ndiyo inapunguza salio lake. Mdukuzi aliandika programu ambayo kila ikipokea malipo hurudi hapohapo kudai tena, kabla mstari wa kupunguza salio haujafikiwa. Mfuko ukalipa, ukalipa, ukalipa, kila mara ukisoma salio ambalo bado lilikuwa zima. Kosa zima lilikuwa mpangilio wa mistari michache, na baadhi ya watu walikuwa wameshaonya kuhusu kosa la aina hiyo kabla ya wizi. Programu inayokokotoa kwanza hali mpya yote kwa fanksheni safi, ikaiandika, kisha ndiyo ikagusa fedha, haina mwanya ule.

Upande wa pili wa ufundi huu ni aina, yaani kuiambia kompyuta kila thamani ni kitu gani. Namba ya simu ni namba, na kiasi cha fedha ni namba. Kwenye lugha nyingi za kompyuta vyote viwili huhifadhiwa vilevile, na fanksheni ya kutuma hela hupokea namba mbili. Mwandishi aliyechoka saa tano usiku akizipanga kinyume, kompyuta haina cha kulalamikia: namba inayoanza na 07, sifuri yake ikiliwa, inakuwa malipo ya zaidi ya milioni 700 kwenye rekodi ya mzazi anayelipa ada, na 20,000 inakuwa simu isiyokuwepo. Lugha kama Haskell, OCaml na F# humruhusu mwandishi kutangaza kwamba hivi ni vitu viwili tofauti:

tuma : NambaYaSimu → Kiasi → Muamala

Kuanzia hapo programu yenye namba zilizopangwa kinyume haitakubaliwa hata kuanza kufanya kazi. Kosa linakamatwa mezani kwa mwandishi, kabla halijamfikia mzazi.

Faida kubwa zaidi inakuja pale unapoamua NambaYaSimu inapatikanaje. Watu huandika namba zao kila namna: 07 mwanzoni, +255, 255 bila alama, nafasi katikati, na jedwali la Excel lililokula sifuri njiani. Mfumo wa ovyo hupokea maandishi kama yalivyo, halafu kila sehemu inayoyahitaji inayakagua upya, na sehemu moja inasahau. Mfumo uliopangwa vizuri una fanksheni moja mlangoni. Inapokea maandishi na kurudisha ama NambaYaSimu safi, ama sababu ya kukataa. Hakuna njia nyingine ya kuipata. Ndani ya mfumo, popote penye NambaYaSimu, ukaguzi umeshafanyika na hakuna wa kuusahau.

Kuna jaribio ambalo mkazi yeyote wa Temeke anaweza kulifanya bila kujua kompyuta. Jaza fomu ya mtandaoni, na kwenye kata andika Chang'ombe. Baadhi ya fomu zitarudisha ukurasa mweupe au maneno marefu ya Kiingereza kuhusu kosa la SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Sababu ni kile kialama kilicho juu kati ya g na o. Hifadhidata hukitumia kialama hichohicho kuonyesha maandishi yanaanzia na kuishia wapi. Programu iliyounganisha jina la kata moja kwa moja ndani ya amri imeifanya hifadhidata iamini maandishi yameishia kwenye Chang, na kinachofuata, ombe, ni sehemu ya amri. Ombe si amri, kwa hiyo kosa linatokea. Lakini anayejua angeandika baada ya kialama kitu ambacho ni amri kweli: nionyeshe nywila zote, au futa jedwali hili. Udukuzi huu ulielezwa hadharani mwaka 1998, na bado upo. Watu wa Chang'ombe, Ving'unguti na akina Ng'wandu wamekuwa wakiugundua kwa miaka yote hii bila kukusudia, wakiambiwa na wahudumu waandike jina bila kialama.

Ushauri huo wa mhudumu unauficha ugonjwa. Kinachotakiwa ni programu isiyoruhusu maandishi ya mtumiaji kuwa amri kwa namna yoyote ile. Kwa lugha ya aina, Maandishi ni kitu kimoja na Amri ni kingine, na hakuna fanksheni ya kuyaunganisha isipokuwa ile moja inayoyapeleka kila moja kwa njia yake hadi kwenye hifadhidata. Karibu lugha zote zinazotumika leo, hata PHP, zina njia ya kupeleka amri na maandishi kila kimoja peke yake. Tofauti ni kwamba kwingine unaombwa uikumbuke, na kwenye mfumo wenye aina kali ukiisahau programu haijengeki.

Mizizi ya haya yote ni ya zamani kuliko kompyuta zenyewe. Alonzo Church wa Princeton aliandika hesabu yake ya fanksheni miaka ya 1930. John McCarthy alianza kuunda LISP mwaka 1958. Tony Hoare, mwaka 1965, aliweka kwenye lugha aliyokuwa akiitengeneza thamani ya kumaanisha hakuna kitu hapa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuiweka, na mwaka 2009 alisimama hadharani akaiita kosa lake la dola bilioni, kwa jinsi lilivyoangusha programu na kufungua mianya. Lugha kama Haskell na OCaml hazina mwanya huo: kama kitu kinaweza kukosekana, aina yake inasema hivyo, na unalazimika kushughulikia hali zote mbili. Robin Milner na wenzake Edinburgh waliunda ML miaka ya 1970. Haskell ikatoka mwaka 1990.

Na kuna Erlang, iliyoanzia kwenye maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden mwaka 1986 kwa mikono ya Joe Armstrong na wenzake. Kwenye Erlang jina likishapewa thamani halipewi nyingine. Kila shughuli inaendeshwa peke yake, na ikianguka haivuti wenzake. WhatsApp ilijengwa juu ya Erlang, na mwaka 2012 wahandisi wake walieleza jinsi seva moja ilivyobeba miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa mara moja. Kila kundi la kitchen party na la msiba Temeke linapita kwenye programu iliyozaliwa na wazo hilo.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Kampuni ya Ona ya Nairobi, inayotengeneza vyombo vya kukusanya takwimu za afya na misaada, iliandika sehemu ya kazi yake kwa Clojure, lugha ya ukoo wa LISP ambamo data haibadiliki ikishaundwa. Mwaka 2019 kampuni ya IOHK, inayotumia Haskell kujenga mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Cardano, iliendesha Addis Ababa darasa la Haskell la wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Sarafu za kidijitali zenyewe ni hoja nyingine, nami siipigii debe yoyote. Kilichonigusa ni kwamba waliokwenda pale walifundishwa lugha inayosemwa kuwa ngumu, wakahitimu kwa miezi michache. Vijana wa vyuo vya VETA Chang'ombe au DUCE wana akili hiyohiyo.

Ugumu upo, na sitaki kuufunika. Mwandishi aliyezoea kubadilisha salio kwa mstari mmoja huona njia hii inamzungusha. Akipata kazi peke yake, atakosa mwenzake wa kumuuliza, na mteja atakosa mtu mwingine wa kumrithi. Orodha isiyofutwa hukua, na lazima upange namna ya kuitunza. Ndiyo maana simshauri kijana wa kikoba abadilishe lugha. Abaki na JavaScript au PHP yake, achukue tabia hizi tu.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa njia hii huliruka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Nawe umejenga orodha isiyofutwa. Ukiandika majina, namba za NIDA na magonjwa ndani ya mistari ya miamala, umejiweka pabaya. Njia ni kutenganisha tangu siku ya kwanza: kwenye miamala mwanachama awe namba ya kubahatisha tu, na jina lake na simu vikae kwingine panapofutika. Akiondoka na kudai haki yake, unafuta upande huo, hesabu za kikoba zinabaki sawasawa, na mstari haumtaji tena.

Na kuna wizi ambao hakuna aina wala fanksheni inayouzuia. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umewaliza watu wengi mjini, na kila muamala uliofuata ujumbe huo ulikuwa halali: mwenye simu ndiye aliyetuma, namba ya siri ni yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole tangu 2019 haujaumaliza. Ni kama zile mashine za Afrika Kusini. Hesabu imekamilika, anayeielekeza ndiye mbaya au aliyedanganywa. Mwandishi wa programu anachoweza ni kuweka hatua kati ya nia na malipo, kwa kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, na kwa kikoba, kwa kufanya MaombiYaMalipo na Malipo ziwe aina mbili ambazo katikati yake pana saini za watu wawili.

Kijana wa Tandika aanze hivi. Achukue hesabu zote za mfumo wake, za hisa, mkopo, riba na faini, azitoe kwenye msimbo unaogusa hifadhidata na skrini, aziandike kama fanksheni zinazopokea orodha na kurudisha jibu. Hatahitaji seva wala mtandao kuzijaribu. Kisha atumie mbinu ambayo Koen Claessen na John Hughes waliitoa mwaka 2000 kwa jina la QuickCheck, ambayo sasa ina nakala kwenye lugha karibu zote: badala ya kubuni mifano mwenyewe, anaandika kanuni moja ambayo lazima iwe kweli siku zote, na kompyuta inatunga maelfu ya miamala ya ovyoovyo ikitafuta wa kuivunja. Kanuni ya kikoba ni nyepesi. Jumla ya masalio ya wanachama na mfuko wa jamii lazima ilingane na fedha zilizoingia kutoa zilizotoka, na hakuna mwanachama anayetoa zaidi ya alichonacho.

Muamala ambao mbinu hii huuibua mapema, kwenye mifumo mingi iliyoandikwa kwa haraka, ni kutoa hasi 5,000. Programu inakagua kama hasi 5,000 ni ndogo kuliko salio, inakuta ni ndogo, inaruhusu, kisha inatoa hasi 5,000 kwenye salio, yaani inaongeza 5,000. Fomu ya simu haikuonyesha kitufe cha hasi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuwaza. Anayetuma maombi moja kwa moja kwenye seva hahitaji kitufe. Marekebisho yake ni kuifanya Kiasi iwe aina inayopatikana kwa fanksheni moja tu, ile inayokataa kila kilicho chini ya shilingi 1, kisha kuendesha majaribio yale maelfu upya.